Matete, maganda ya ndizi na kutu

Ukitoka Bukoba kwenda Muleba unapita Kemondo. Wengi tunaijua kwa bandari yake, lakini wanaakiolojia walifukua pale matanuru ya chuma yenye umri wa miaka 1,500 hadi 2,000 hivi.

Katikati ya miaka ya 1970 Peter Schmidt, mwanaakiolojia, na Donald Avery, mtaalamu wa metali, waliwaomba wazee wa Kihaya wayeyushe chuma tena kama zamani. Kazi hiyo ilikuwa imekufa miaka mingi, majembe ya dukani yameshaiua. Wangechelewa kidogo tu, wasingemkuta wa kumuuliza. Wazee walichimba shimo, wakachomea humo matete ya kinamasi hadi yakawa makaa, ndipo wakasimamisha tanuru juu yake. Mwaka 1978 wawili hao waliandika katika jarida la Science kwamba hewa ilipashwa moto kwanza ndani ya mirija ya udongo. Wenzao walibisha, tena kwa ukali. Mimi nabaki na yale matete.

Kwa nini? Jiwe la chuma ni chuma kilichoshikana na oksijeni, na kaboni ya mmea ndiyo inayomnyang'anya oksijeni hiyo. Kutu ni safari ya kurudi. Kwenye asidi mambo huenda mbio zaidi: chuma kinaliwa huku mapovu ya hidrojeni yakipanda.

Sasa jiulize, mmea uliosaidia kukitoa chuma kwenye jiwe unaweza kukizuia kisirudi? Kwa kiasi, ndiyo. Viwandani chuma huoshwa kwa asidi ili kutoa kutu, na huongezwa kemikali ili asidi isile chuma chenyewe. Baadhi ya kemikali hizo ni sumu. Mwaka 2008 watafiti wa Nigeria walijaribu maganda ya ndizi kwenye asidi ya salfuriki. Mwaka 2011 wa Brazil wakajaribu machicha ya kahawa kwenye asidi ya hidrokloriki. Molekuli za mmea zinanata juu ya chuma, asidi inakosa pa kushika. (Kwa maganda ya ndizi, joto likipanda kinga inapungua.)

Ndizi na kahawa, jamani! Ila ndizi za kupika za Bukoba si zile za Nigeria, na kahawa ya Kagera nyingi ni robusta, kwa hiyo majibu yao hayatutoshi. Kipimo chenyewe si kigumu: vipande viwili vya chuma, asidi ileile, maji ya maganda upande mmoja, halafu mizani ya maabara, kabla na baada.