HOY: KILIO CHA MSIBANI VINYWANI MWA MANABII

Mwanafunzi akikutana na "ole wao" katika kitabu cha Isaya huelewa kwamba watu wanatishwa. Hakosei, lakini neno la Kiebrania lililofasiriwa hivyo lina historia ndefu zaidi. Neno hilo ni hoy (lisichanganywe na hoi yetu ya mtu aliyechoka), nalo lilikuwa kilio cha kumlilia maiti.

Katika 1 Wafalme 13:30, nabii mzee wa Betheli anamzika mtu wa Mungu aliyeuawa na simba, na waombolezaji wanapaza hoy wakimwita marehemu ndugu. Yeremia 22:18 inaongeza dada na bwana. Hapo Mfalme Yehoyakimu, aliyetawala Yuda tangu 609 hadi 598 K.K., anaambiwa kwamba hatalia mtu hoy kwa ajili yake. Atazikwa kama punda. Kunyimwa kilio kulikuwa adhabu.

Manabii walikichukua kilio hicho wakawalilia watu walio hai. Amosi, katika karne ya 8 K.K., anaifungua sura ya 5 kwa maombolezo juu ya Israeli, kana kwamba taifa limekwisha kufa, kisha katika sura hiyo hiyo anapaza hoy. Isaya 5 inairudia mara 6, ikianza na wanaolimbikiza nyumba na mashamba.

Erhard Gerstenberger (1962) aliitafuta asili ya matamko haya katika mafunzo ya hekima ya ukoo. Waldemar Janzen (1972) aliitetea asili ya msibani, na sarufi, kwa maoni yangu, inampa nguvu. Kihisishi kingine cha Kiebrania, oy, kwa kawaida hufuatwa na kihusishi l-: oy li ni "ole wangu" (Isaya 6:5). Hoy kwa kawaida hufuatwa moja kwa moja na anayeliliwa, kama makaburini.

Tofauti hiyo ilififia katika tafsiri. Wagiriki waliandika ouai, Walatini vae, na Biblia ya Muungano ya 1952 ole. Nayo ole yetu hudai kimilikishi: ole wangu ni majonzi, ole wako ni tishio. Mwambie mwanafunzi afasiri kilio cha 1 Wafalme 13:30 kwa "ole wako, ndugu yangu", na darasa zima litacheka: maiti anaonywa!