Tunasaidia Mtu au Magongo?

Majuzi mjini Tunduma msukuma mkokoteni alikuwa akipita katikati ya watu huku akipiga kelele, "Mzigo! Mzigo!" Watu wakapisha. Kijana mmoja hakusogea. Mkokoteni ukamgonga kisigino, na matusi yakafuata: mjeuri huyo, ana kiburi! Hata mimi nilimdhania hivyo. Alipogeuka na kugusa sikio lake, sote tukanyamaza. Kumbe ni kiziwi.

Muda mfupi kabla ya hapo, umati ule ule ulikuwa umempisha mzee mwenye magongo bila kuombwa. Nikajiuliza: hivi sisi tunasaidia mtu, au tunasaidia magongo?

Hebu tutazame tulikotoka. Mwaka 1981 ulikuwa Mwaka wa Kimataifa wa Walemavu. Mwaka uliofuata Bunge letu lilipitisha sheria mbili, moja ya ajira na nyingine ya matunzo ya walemavu. Ndipo mwaka 2010 ikaja sheria mpya, inayomtaka mwajiri mwenye wafanyakazi kuanzia 20 ahakikishe asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Sheria hiyo haihesabu viungo peke yake. Inataja pia hisi, akili na afya ya akili, na inasema mtu huyo hukwamishwa na mazingira, na taasisi, na mitazamo ya watu. Maana yake, siku ile pale Tunduma kikwazo kilikuwa sisi.

Wala jambo hili si geni. Kule Mahenge, karibu mwaka 1960, daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianza kuwatibu wenye kifafa. Aliwakuta wametengwa, wengine wana makovu ya moto, kwa kuwa walipoanguka mekoni watu waliogopa kuwagusa wakidhani wataambukizwa. Kifafa hakiambukizi kwa kugusana. Vidonge vya bei nafuu viliwapunguzia wengi kuanguka. Kilichowaunguza ni ugonjwa, lakini pia ni woga wa jirani.

Kwa hiyo, ndugu zangu, mtu asipoitika, msogelee, mguse bega, sema naye mkitazamana. Akianguka kwa kifafa, msogeze mbali na moto, mlaze ubavu, usimtie kitu mdomoni. Akikwambia ana shida usiyoiona, msadiki kwanza.

Wahenga walisema hujafa hujaumbika. Hawakutaja magongo.