Samaki wa Nani?

"Samaki huyu ametoka wapi?" nilimuuliza muuzaji katika soko moja hapa Nairobi. Akacheka. "Ametoka kwa katoni, madam. Wa China."

Nilimnunua, siwezi kudanganya. Bei ilikuwa poa na mfuko ulikuwa mwepesi. Lakini nikamkumbuka shangazi yangu wa Kilifi, mama karanga wa miaka mingi: alinunua samaki ufuoni, akawakaanga, akawauza kando ya barabara. Kwake yeye, swali la kwanza halikuwa bei. Lilikuwa: nani amemvua?

Swali hilo lina historia. Mwaka 1968 serikali ilitangaza hifadhi za bahari za Malindi na Watamu. Matumbawe yakapata ulinzi, sawa, lakini kwa wavuvi wengi uhifadhi ulikuja ukivaa magwanda. Neno lenyewe likawa na maana moja: mtafukuzwa.

Kuruwitu, kusini mwa mji wa Kilifi, mambo yalikwenda tofauti. Kufikia mapema miaka ya 2000, samaki walikuwa wamepungua. Wavuvi walikuwa wengi, nyavu zilikuwa za matundu madogo, na kulikuwa na wanaokusanya samaki wa mapambo wa kuuzwa ng'ambo. Kuna pia juya, wavu unaokokotwa chini ukibeba hata vitoto. Lilipigwa marufuku 2001, lakini karatasi ya serikali haipigi doria ufuoni.

Mwaka 2003 wanakijiji waliunda chama chao. Mwaka 2005 wakatenga karibu hekta 30 za bahari: hapa hatuvui. Sehemu kama hiyo ikaitwa tengefu. Kanuni za kuvipa vikundi vya ufuoni usimamizi zilikuja baadaye, 2007.

Hebu fikiria hilo. Mtu ana watoto nyumbani, halafu anakubali kuyaacha maji aliyovua baba yake, bila kujua kama kitu kitarudi. Si wote waliokubali. Ungekubali wewe?

Samaki walirudi. Wakazaliana ndani, wakakua, kisha wakavuka mpaka na kuingia kwenye madema na nyavu za nje. Mwaka 2017 Kuruwitu ilipata Tuzo ya Equator ya Umoja wa Mataifa, na vijiji vingine vya pwani vina tengefu zao.

Lakini tengefu haileti mnunuzi. Mvuvi bila barafu huuza haraka, na tajiri aliyemkopesha wavu ndiye hupanga bei. Hapo ndipo sisi wa mjini tunaingia. Tukitaka nguru kila wiki, mwaka mzima, kwa bei ya katoni, tunamwambia mvuvi arudi kwa juya. Tukikubali tafi au mkizi, tukikubali kwamba kusi likivuma mtumbwi hauendi mbali, tunampa sababu ya kuendelea kulinda. Shangazi hakuwahi kuyaita haya uhifadhi. Alijua tu kwamba mvuvi anayeleta vitoto leo, mwakani hataleta kitu.

Juzi nilirudi sokoni na swali lilelile. Muuzaji akanitazama vizuri.

"Wa pwani huja Alhamisi. Lakini bei iko juu kidogo."

"Amevuliwa wapi?"

"Hilo sijui. Nitauliza."

Nikamwambia nitakuja Alhamisi.