Uingereza: kikomo cha watoto wawili kilikuwa nini?

Kwetu, jamaa ya watoto wawili inahesabiwa kuwa ndogo. Kule Uingereza, hao wawili ndio walikuwa mwisho wa hesabu ya serikali.

Sheria hiyo ilianza tarehe 6 Aprili 2017. Jamaa yenye mapato kidogo inapata feza kila mwezi juu ya watoto wake, lakini mtoto wa tatu ao wa nne aliyezaliwa kuanzia siku hiyo hakulipiwa. Mwaka 2025, wazazi walikosa kama pauni 290 kwa mwezi kwa kila mtoto aliyeachwa. Mapacha waliweza kuhesabiwa, pia mtoto wa ubakaji, ila mama alipaswa kujieleza kwanza.

Serikali ilisema wanaosaidiwa wapange uzazi sawa vile wanaoishi kwa mshahara tu. Wapinzani walijibu: jamaa nyingi zilizoguswa zina mzazi anayefanya kazi, na sahani inagawanywa kwa watoto wote, si kwa wawili.

Tarehe 26 Novemba 2025, waziri wa feza Rachel Reeves alitangaza kwamba kikomo kitaondolewa Aprili 2026. Serikali inakadiria watoto 450,000 watatoka katika umasikini. Lakini kiwango cha juu cha jumla ya misaada kwa nyumba moja kinabaki, kwa hiyo jamaa fulani kubwa hazitaona faida yote.