Kafi za Lukuga na klabu za mto Thames

Wasikilizaji wetu wa Kalemie, na ninyi jamaa mliokimbia vijiji vyenu mkaja kukaa hapa mjini, kazi ya kafi mnaijua. Wako kati yenu waliovuka ziwa usiku ndani ya pirogi, na watoto na magunia. Wako wanaolisha nyumba kwa ndagala. Lakini ukiuliza historia ya kupiga makasia, utaelezwa habari za klabu za Uingereza. Historia hiyo imefika mpaka kinywa cha Lukuga, kwa hiyo inatuhusu. Tuifuate basi, tuone nani aliandikwa ndani na nani aliachwa nje.

Mto Thames unapita katikati ya mji wa London. Zamani, wakati madaraja yalikuwa machache, watu walivushwa na wavushaji wenye mashua, kama vile wetu wa leo. Wavushaji hao walishindana kwa fedha, na watu walijaa ukingoni kuwatazama. Baadaye watu wenye mali nao waliupenda mchezo wakaunda klabu zao. Klabu ya Leander ilianza karibu mwaka 1818. London Rowing Club ilianzishwa mwaka 1856, na nyumba yake iko mtaa wa Putney, kando ya mto. Klabu ya namna hiyo ni nyumba ya kuwekea mashua nyembamba na ndefu, ambapo wanachama wanalipa mchango, wanajizoeza, na wanakwenda kushindana.

Katika wale walioshindana kwa fedha alikuwepo James Messenger. Alikuwa bingwa wa Uingereza kuanzia mwaka 1854 mpaka 1857, na alikuwa pia fundi wa kutengeneza mashua pale Teddington, juu kidogo ya London. Mwaka 1874 mwandishi wa magazeti Henry Morton Stanley alimwendea, akataka mashua ya kubebwa na watu mpaka katikati ya Afrika. Messenger alimtengenezea moja ya mbao za mwerezi, urefu wa mita 12 hivi, yenye kufunguka vipande vitano. Iliitwa Lady Alice.

Mashua ilisafirishwa kwa meli hadi Zanzibar. Toka Bagamoyo wapagazi waliibeba mabegani, kipande kwa kipande, mpaka ziwa Victoria, halafu mpaka Ujiji, ng'ambo ya ziwa letu. Tarehe 11 Juni 1876 iliondoka Ujiji pamoja na mtumbwi mmoja mkubwa, kuzunguka ziwa Tanganyika. Walirudi tarehe 31 Julai, siku 51, baada ya kwenda zaidi ya kilomita 1,300.

Mwezi wa Julai waliingia Lukuga, hapa kwetu. Wazungu walikuwa wakibishana: maji ya ziwa yanatokea wapi? Mwingereza Cameron alipita hapa mwezi wa Mei 1874, akasema Lukuga ndiyo mlango. Stanley alikuta mafunjo na matete yameziba njia, akasema mlango bado haujafunguka, ila maji yakipanda utafunguka. Haikuchukua muda. Mwaka 1879 Edward Hore, baharia wa misioni ya London aliyekaa Ujiji, alifika akakuta maji yanakimbia kwa nguvu kuelekea Lualaba.

Vitabu vinaeleza mambo hayo kama kazi ya Cameron, ya Stanley na ya Hore. Lakini nani aliwaonyesha njia? Stanley mwenyewe alitaja viongozi wawili aliowachukua Ujiji. Mmoja ni Para, aliyekuwa amemwongoza Cameron mbele yake. Wa pili ni Ruango, aliyekwenda na Livingstone na Stanley mwaka 1871 mpaka kinywa cha Rusizi, kule kaskazini. Usukani wa Lady Alice ulikuwa mikononi mwa Uledi, kijana aliyeandikwa kazi Zanzibar. Baadaye, katika maporomoko ya mto Kongo, Uledi aliokoa wenzake wengi wasizame. Mashua yenyewe iliachwa juu ya mawe karibu na maporomoko ya Isangila, mwisho wa Julai 1877. Ilikuwa imevuka karibu Afrika yote kwa mikono na mabega ya watu hao.

Sasa turudi Thames, maana huko nako mambo yaligeuka. Mwaka 1879 wakubwa wa mashindano ya Henley, yanayojulikana sana kwenye mto ule, waliandika sheria ya nani anaruhusiwa kushindana. Fundi, mfanyakazi wa mikono, au mtu anayepata mshahara kwa kazi ya mashua, alikatazwa. Bingwa kama Messenger hakuwa na nafasi. Waliowafundisha matajiri kushika kasia walifungiwa mlango, kwa sababu kasia ilikuwa chakula chao.

Sheria ile iliumiza hata watu wa mbali. John B. Kelly wa Philadelphia, Marekani, alikuwa mjenga matofali na mwanachama wa klabu ya Vesper, iliyoanza mwaka 1865 kwenye mto Schuylkill, unaopita katika mji ule. Mwaka 1920 aliomba kushindana Henley, wakamkataa. Klabu yake ilikuwa na ugomvi wa zamani na Henley, na yeye mwenyewe alikuwa amefanya kazi ya mikono. Mwaka uleule, kwenye michezo ya Olimpiki huko Ubelgiji, Kelly alimshinda Mwingereza Jack Beresford, aliyekuwa amechukua kombe la Henley. Maneno yale juu ya kazi ya mikono yalifutwa mwaka 1937. Mwaka 1947 mtoto wa Kelly alikwenda Henley akashinda kombe ambalo baba yake alikatazwa kuligombea.

Ndiyo maana nasema habari hii inatuhusu. Kule Thames mtu wa kazi alikatazwa kwa sheria iliyoandikwa. Hapa kwetu hakukuwa na haja ya sheria: jina lake halikuandikwa tu. Tuliyasoma majina ya Stanley na Cameron darasani, na jina la Ruango hatukulisikia. Kumbe bila Para na Ruango, wageni wangeutafuta mlango wa Lukuga kwa kubahatisha.

Klabu zile zina jambo moja zuri tunaloweza kuliiga bila fedha. Zinaandika. Ukutani mwao kuna mbao zenye majina ya wapiga kasia, mwaka kwa mwaka, pamoja na yule aliyeshika usukani. Sisi tuna wazee wanaojua nani alivusha watu wakati wa vita, toka kijiji gani mpaka ufuko gani, na nani hakurudi. Tunao wavuvi wanaojua nani alimfundisha nani kusoma upepo kabla ya kutoka na pirogi.

Wazazi mlio kwenye makambi na kwenye familia zilizowapokea, waambieni watoto majina hayo. Mwanafunzi mwenye daftari ayaandike: jina la mvushaji, kijiji chake, mwaka, na mahali alipowashusha. Mkituletea, tutayasoma hewani.