Nyumba Njema Si Mlango

Wazee walisema kwamba nyumba njema si mlango, na maana yao ni kuwa uzuri wa nyumba haujulikani mpaka mtu aingie ndani. Methali hii hutumiwa aghalabu katika kusema tabia za watu. Katika insha hii tutairudisha kwenye asili yake, yaani nyumba yenyewe. Mwanahistoria amezoea kusoma barua, mikataba na hukumu za mahakama. Lakini majengo nayo ni maandishi. Mlango hueleza ni nani aliyetazamiwa kuingia, dirisha hueleza ni nani aliyehesabiwa kuwa astahili mwanga, na ukumbi hueleza kama watu waliitwa wakae pamoja au watengwe. Tukiyasoma hivyo majengo ya nchi ya chai, yaani Kericho na Bomet, tutaona habari ambazo hazikuandikwa katika daftari lolote.

Kabla ya chai kufika, nchi hii ya vilima, iliyo karibu meta 2,000 juu ya usawa wa bahari, ilikuwa ya Wakipsigis. Nyumba yao ilikuwa ya mviringo, yenye kuta za fito na udongo, na paa la nyasi lenye mteremko mkali. Maana mvua ya Kericho si ya mchezo, na mara nyingi huandamana na mvua ya mawe. Ndani, sehemu moja ilikuwa ya watu na nyingine ya mbuzi na ndama. Nje ilisimama mabwaita, madhabahu ya fito na matawi, ambapo jamaa waliomba dua zao. Tena mashauri ya majirani yaliamuliwa katika kokwet, baraza lililokaa chini ya mti, wazee wakisema na majirani wakisikiliza. Yafaa tuliangalie jambo hili vizuri: ukumbi wa watu wote haukuwa na ukuta wala mlango, na paa lake lilikuwa kivuli.

Katika miaka ya 1920 makampuni ya Uingereza, Brooke Bond na James Finlay, yalianza kupanda chai Kericho. Ardhi ilikuwa imekwisha kutwaliwa na serikali ya kikoloni na kugawiwa wageni. Na mwaka wa 1934 ikatungwa sheria ya kuwahamisha watu wa ukoo wa Talai, ambao Wakipsigis waliwaheshimu kama viongozi wa mambo ya dini, wakapelekwa Gwassi karibu na Ziwa Victoria. Pamoja na mashamba yakaja majengo ya namna mpya. Meneja alikaa katika nyumba kubwa yenye bustani. Mfanyakazi, awe Mkipsigis, Mkisii, Mjaluo au Mluhya, alikaa kambini, katika safu za nyumba ndogo zilizofanana kama punje za mahindi katika gunzi. Katika miaka ya 1950 Brooke Bond ikajenga Tea Hotel, jengo la fahari lililotazamana na mashamba. Zamani hizo, katika vilabu vya walowezi wa Kenya, Mwafrika hakuketi ukumbini kama mgeni; aliingia kwa mlango wa jikoni, akiwa mpishi au mtumishi. Kwa hiyo mti wa kokwet ulimkusanya jirani na jirani, lakini nyumba hizi za mawe ziliwapanga watu kwa daraja na rangi.

Hata hivyo, tusidhani kwamba kila jengo la mawe lilikuwa la kutenga watu. Masingasinga waliofika Afrika ya Mashariki, wengi wao wakiwa mafundi, walikuja na desturi ya hekalu lao, gurdwara. Huko mtu yeyote, wa dini yoyote na wa hali yoyote, huketi akapewa chakula bila malipo. Gurdwara ya Kericho hufuata desturi hiyo. Basi twaweza kusema kwamba ubaya haukuwa katika jiwe wala katika paa, bali katika shauri la yule aliyeamua nani aingie na nani abaki nje.

Uhuru ulipopatikana mwaka wa 1963, Kenya ilirithi majengo haya yote. Nchi inayorithi nyumba ya mtawala wake ina njia tatu: kuibomoa, kuiacha ioze, au kuitengeneza upya kwa kazi nyingine. Mfano mzuri wa njia ya tatu uko Mombasa. Ngome ya Yesu ilijengwa na Wareno kati ya mwaka wa 1593 na 1596. Waingereza wakaifanya gereza tangu mwaka wa 1895. Mwaka wa 1958 ikaacha kuwa gereza, na baadaye ikafunguliwa kuwa makumbusho. Lango ambalo wafungwa waliingizwa kwa nguvu, leo wanafunzi huliingia kwa hiari yao wakiwa na madaftari. Kuta ni zile zile. Kilichobadilika ni nani aingiaye na kwa sababu gani.

Kazi ya namna hii ina mafundi wake, nao ni wasanifu wa majengo. Mmoja wao ni John McAslan, Mwingereza wa asili ya Uskochi, ambaye jina lake limefungamana na Kericho, kama tutakavyoona. Ofisi yake ilijulikana sana kwa kutengeneza majengo ya zamani yatumikayo na umma. Stesheni ya King's Cross ya London, iliyosanifiwa na Lewis Cubitt, ilifunguliwa mwaka wa 1852. Katika miaka ya 1970 uso wake ulifunikwa na ukumbi uliodhaniwa kuwa wa muda tu, nao ukadumu miongo. McAslan na wenziwe hawakuishindania stesheni ile kwa kuifunika tena. Walijenga ukumbi mpya ubavuni, wenye paa la chuma linalobebwa na nguzo 16 zilizotanda kama matawi ya mti, ukafunguliwa mwezi wa Machi 2012. Kisha ule wa zamani ukabomolewa, na uso wa Cubitt ukaonekana tena mbele ya uwanja ulio wazi kwa wapitaji wote.

Nchini Haiti, soko la chuma la Port-au-Prince, lililojengwa mwishoni mwa karne ya 19, liliungua kwa sehemu mwaka wa 2008, kisha likapigwa na tetemeko la ardhi la Januari 2010. Ofisi hiyo hiyo ililisimamisha upya, na Januari 2011 wachuuzi walirudi kuuza. Hapa sheria ya fundi yaonekana wazi. Kwanza huuliza jengo ni la nani na kazi yake ni nini. Pili hutenga kilicho kizima na kilichooza, akikihifadhi cha kwanza. Tatu huangalia jinsi mtu atakavyotembea ndani: aonapo mwanga, apatapo hewa, ajuavyo njia bila kuulizia.

Sasa turudi nyumbani. Jimbo Katoliki la Kericho, linaloenea katika kaunti za Kericho na Bomet, liliundwa mwaka wa 1995, na waumini wake wakahitaji kanisa kuu. McAslan alipewa kazi hiyo, akishirikiana na wahandisi wa Arup, na mwaka wa 2015 Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu lilifunguliwa, lenye nafasi ya watu wapatao 1,500. Jengo hili ni jipya, halikukarabatiwa. Lakini yule aliyejifunza kazi yake kwa kutengeneza majengo ya watu wengi alileta maswali yale yale.

Tuanze na paa. Ni paa la vigae vya udongo, lenye mteremko mkali, lililoshuka karibu na ardhi pande zote mbili. Sisemi kwamba msanifu aliiga nyumba ya Mkipsigis; nasema mvua ni ile ile, na aiheshimuye hufikia jawabu moja. Ndani, paa hubebwa na mbavu kumi za zege, kila moja kubwa kuliko iliyotangulia. Aingiaye hukuta dari iko chini kidogo. Kadiri aendavyo mbele, nyumba hupanda na kupanuka mpaka altareni. Juu kabisa, penye uti wa paa, umepita mstari wa vioo unaomimina mwanga katikati ya kanisa, na dari imepambwa kwa papi nyembamba za mbao za saipresi. Hakuna haja ya kibao cha kuonyesha njia. Mwanga na kimo vyatosha. Kuna na milango ubavuni inayofunguka nje, hata siku ya ibada kubwa walio nje wakawa pamoja na walio ndani. Hapo, kwa maoni yangu, ndipo ukumbi wa zege unapokumbuka kivuli cha mti wa kokwet.

Yupo atakayeuliza: kwa nini kazi hii ikapewa mgeni? Swali ni la haki. Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Lakini mwenyeji hatapona ikiwa hatajifunza dawa. Yatupasa kuwa na wasanifu wetu wa kutosha, wazaliwa wa vilima hivi, wanaozijua mvua zake na lugha zake. Na yupo atakayeuliza swali zito zaidi: je, yatosha kuwa na kanisa zuri, ikiwa mchumaji wa chai hurudi jioni katika chumba kisichopitisha hewa? La, haitoshi. Sheria tatu za fundi hazikuwekwa kwa ajili ya makanisa na stesheni peke yake. Chumba cha mchumaji, chumba cha wagonjwa, ofisi ya chifu na darasa la shule vyote vyastahili kuulizwa maswali yale yale, tena kabla nyufa hazijawa maporomoko, maana usipoziba ufa utajenga ukuta.

Miongoni mwenu wasomaji watatoka mafundi, wasanifu, walimu wakuu na viongozi wa kaunti. Siku moja mtaletewa ramani ya jengo la zamani linalotakiwa kutengenezwa, na mtaonyeshwa kwanza picha ya uso wake, imepakwa rangi nzuri. Iwekeni kando picha hiyo. Tafuteni katika ramani mahali atakapoingilia mtu aliye mnyonge kuliko wote watakaolitumia jengo lile, mfuateni kwa kidole mpaka mahali atakapoketi, kisha muulize kama hapo pana mwanga.