Shauri, Nasaha na Stashahada ya Uzamili

Miongoni mwa majina ya vyeti yanayowasumbua wafasiri na maofisa utumishi limo hili: stashahada ya uzamili katika unasihi. Maana yake ni masomo ya unasihi anayoyafanya mtu aliyekwisha kupata shahada katika fani nyingine, kama vile ualimu, sheria, uuguzi au theolojia. Katika makala haya tutafuata njia yaliyopita maneno ya jina hilo. Tutayafuata tukiwa Arusha na chini ya Mlima Meru, kwa kuwa huko kazi ya kushauri imepita mikononi mwa wazee wa ukoo, watawala wa kigeni, walimu na hata mahakama ya kimataifa.

Tuanze na shauri. Asili yake ni Kiarabu, na maana yake ya awali ni mazungumzo ya kutafuta njia. Lakini Wajerumani walipojenga boma lao Arusha mwaka 1900, jengo ambalo sasa ni makumbusho, neno hilo lilikuwa limekwisha kuingia katika lugha yao ya utawala. Waliliandika Schauri, na kwao lilikuwa kikao ambamo ofisa husikiliza madai na kukata hukumu. Waingereza nao wakaliendeleza, hata mkuu wa wilaya akaitwa Bwana Shauri. Mpaka leo mahakamani shauri hufunguliwa, husikilizwa na kuamuliwa. Hivyo neno lililokuwa la watu wawili wanaotafuta njia likawekewa meza katikati, na nyuma ya meza akaketi mwenye mamlaka.

Nje ya boma mambo yalikuwa mengine. P. H. Gulliver, mtaalamu wa elimu ya jamii aliyefanya utafiti katika eneo hilo miaka ya 1950, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1963 kwamba Waarusha wa mitelemko ya Meru walikuwa na namna yao ya kumaliza magomvi bila ya hakimu wa kutoa amri. Kila upande ulikuja na watu wake, wakajadiliana mpaka likapatikana jambo ambalo pande zote mbili zingeweza kulikubali. Wazee wa ukoo waliowasemea watu wao Gulliver aliwaita kwa neno lile lile la Kiingereza ambalo leo hupewa mnasihi mwenye cheti. Mfasiri wa kitabu hicho angekosea sana kama angewaita wanasihi. Mzee yule hakuwa katikati. Alikuwa upande wa mtu wake, na asingeona haya kusema hivyo. Nadhani “washauri wa ukoo” yatosha.

Nasaha, nalo neno la Kiarabu, halikupita bomani. Ni maneno ya mtu anayekutakia heri: mzazi kwa mwanawe, mwalimu kwa mwanafunzi, somo kwa mwari wake. Lina upole, lakini lina ngazi pia, maana anayenasihi huwa juu na anayenasihiwa huwa chini.

Maneno haya mawili yaliunganishwa, na aliyeyaeneza hasa ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani Kagera mwaka 1983, na kadiri upimaji ulivyoenea, hasa baada ya vituo vya Angaza kuanza mwaka 2001, watu waliokuwa hawajapata kulisikia neno “ushauri nasaha” wakalizoea. Muungano huo ulikuwa na busara yake. Nasaha iliuondolea ushauri harufu ya mahakama, na ushauri ukaipunguzia nasaha kemeo la mkubwa kwa mdogo. Hata hivyo jina la maneno mawili ni zito kunyambulisha. Ndiyo sababu unasihi unazidi kupata nguvu, kwani kutokana nao twapata mnasihi na kunasihiwa bila ya taabu, na mshauri anabaki kuwa wa kodi, wa ujenzi au wa siasa.

Kuna mahali ambapo Kiswahili kina nafuu kuliko Kiingereza. Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa Rwanda ilikuwa na makao yake Arusha tangu mwaka 1995 hadi ilipofungwa mwishoni mwa 2015. Kanuni yake ya 34 ilitaka mashahidi wapatiwe msaada wa kurejeshewa afya ya mwili na ya nafsi, na hasa unasihi kwa waliobakwa. Katika Kiingereza cha kanuni zile zile, anayemtetea mshtakiwa na anayemtuliza shahidi huitwa kwa maneno yaliyotoka shina moja. Kwetu mmoja ni wakili na mwingine ni mnasihi, wala hakuna atakayewachanganya. Kiswahili hakikuwa lugha rasmi ya mahakama hiyo, lakini mwandishi wa habari aliyepeleka taarifa zake Dar es Salaam aliihitaji tofauti hiyo.

Na yule anayenasihiwa aitweje? Mmarekani Carl Rogers, katika kitabu chake cha mwaka 1942, aliliacha neno “mgonjwa” akachagua neno ambalo sisi twalifasiri kuwa mteja. Wengi hulilalamikia kuwa ni la dukani, na tangu zije simu za mkononi limekuwa la mtu asiyepatikana. Lakini mteja katika Kiswahili cha zamani alikuwa pia mtu aliye chini ya uangalizi wa mganga. Kwa hiyo neno limerudi nyumbani.

Turudi kwenye cheti. Stashahada huwa chini ya shahada, na uzamili huwa juu yake; msomaji asiyejua hudhani kwamba mhitimu amepanda na kushuka kwa wakati mmoja. Jina hilo lilikwisha kuzoeleka katika ualimu, ambamo mwenye shahada ya sayansi au sanaa husomea kufundisha. Katika unasihi haja yake ni kubwa zaidi. Waraka wa Elimu Na. 11 wa mwaka 2002 ulitaka shule ziwe na walimu wa kutoa huduma hiyo, lakini mwalimu aliyekabidhiwa mara nyingi alikuwa na shahada ya somo lake tu, na pengine ndiye yule yule aliyeshika fimbo ya nidhamu. Mtoto akiambiwa aende kwa mshauri, huuliza amefanya kosa gani. Hapo ndipo meza ya Bwana Shauri ilipo bado.

Masomo yenyewe hutolewa kwa Kiingereza, na hata kitabu cha P. L. Biswalo kuhusu unasihi katika mazingira ya Afrika, kilichotolewa Dar es Salaam mwaka 1996, ni cha Kiingereza. Mhitimu hurudi Tengeru au Ngaramtoni, na anayeketi mbele yake huzungumza Kiswahili, kama si Kimeru au Kimaasai. Mwandishi huyu alipata kuombwa neno la ile hali ya kuyaelewa maumivu ya mwenzako kana kwamba ni yako, huku ukijua kuwa si yako. Huruma haifai, kwa kuwa humtazama mtu kutoka juu. Usikivu nao waelekea utii wa mtoto. Nilijibu “kuhisi pamoja”, na aliyeniuliza akaandika, kisha akataka kujua kitenzi chake kwa neno moja. Sikuwa nacho.